Sura ya Saba: Mbona Indiketa Inakimbia?

Swali hili hunifikia kabla ya salamu. "Kaka, indiketa ya kushoto inapiga taratibu, ya kulia inakimbia kama ina mashetani. Flasha imekufa, sivyo?" Muulizaji huwa ameshapewa jibu kijiweni. Kwangu anatafuta muhuri tu, aende dukani akatoe pesa ya flasha mpya.

Namjibu hivi: flasha yako ni nzima, tena hodari. Hiyo mbio unayoisikia ndiyo kazi yake. Imegundua kwamba balbu moja ya upande wa kulia haili umeme, ikaamua kukupigia kelele kwa njia pekee inayoijua. Ukiitoa ukaweka mpya, mpya nayo itakimbia vilevile, na utakuwa umemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga yowe la mwizi.

Taa za kugeukia zina tabia nzuri kuliko sehemu nyingi za gari: zikiharibika, zinasema zilipoharibika. Hasara yetu inatokana na kununua kwanza na kusikiliza baadaye. Katika sura hii tutafanya kinyume, na tutaanza na vipimo visivyogharimu hata senti.

## Safari ya kwenda na kurudi

Chukua daladala inayotoka Mbagala kwenda Kariakoo. Ikifika Kariakoo ikashindwa kurudi, hakuna safari ya pili, hata kama njia ya kwenda ni nyeupe. Umeme wa gari ndivyo ulivyo. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye taa, na sharti urudi kwenye betri. Njia ikikatika popote, iwe ya kwenda au ya kurudi, taa haiwaki.

Njia ya kwenda ina vituo vichache. Cha kwanza ni fyuzi, kile kidude cha plastiki chenye kiuzi cha metali ndani kinachokubali kuungua ili waya mkubwa usalimike. Halafu swichi ya funguo. Halafu flasha, kifaa kidogo kinachokata na kuunganisha umeme ili taa ipepese badala ya kuwaka mfululizo. Kinafuata kile kimkono unachokisukuma juu au chini kando ya usukani. Hicho ndicho kinachoamua umeme uende kulia au kushoto. Mwisho ni balbu, au globu kama wanavyoiita wengi.

Njia ya kurudi ndiyo inayosahaulika. Gari halina waya wa kurudi unaokwenda hadi betri kwa kila taa. Kuna waya mfupi tu, mara nyingi mweusi, na kwenye Toyota nyingi mweupe wenye mstari mweusi. Waya huo umefungwa kwa bolti kwenye bodi, na bodi yenyewe ya chuma ndiyo inayorudisha umeme. Mafundi huita sehemu hiyo ethi. Lishike neno hilo, maana litatusumbua mbele.

## Flasha inajuaje?

Inajua kwa hesabu. Magari mengi madogo yana balbu tatu kila upande: ya mbele wati 21, ya nyuma wati 21, na kale kadogo ka ubavuni kenye wati 5. Wati ni kipimo cha ulaji wa umeme. Jumla ni wati 47. Zigawe kwa volti 12 za betri, unapata karibu ampia 4. Ampia ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya, kama vile ndoo ngapi za maji zinapita bombani kwa muda fulani. Balbu ya nyuma ikiungua, zinabaki wati 26, yaani ampia 2 na ushee. Flasha ya kielektroniki kazi yake ni kuhesabu hizo ndoo. Ikiona zimepungua kiasi hicho, inakaza mwendo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza jambo jingine. Kabalbu ka ubavuni kakiungua, pengo ni wati 5 tu kati ya 47, na flasha nyingi hazishtuki. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea mwaka mzima bila taa ya ubavuni, indiketa inapiga vizuri, na anayemwambia ni askari wa trafiki.

Kanuni za kimataifa za taa za magari zinataka indiketa ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Huhitaji mashine kupima hilo. Washa, tazama saa, hesabu kwa sekunde 15. Ukipata kati ya 15 na 30, uko salama. Ukipata 35 au 40, hata hukuwa na haja ya kuhesabu, masikio yalishakwambia.

Flasha za zamani hazikuwa na akili hii. Ndani yake mlikuwa na kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Umeme unakipasha joto, kinajikunja, kinakata njia. Kinapoa, kinanyooka, kinaunganisha tena. Huo mlio wa tik-tak tuliouzoea ulianzia humo. Balbu moja ikiungua, joto linapungua, na nyingi ya flasha hizo zilishindwa kupepesa kabisa. Balbu iliyobaki iliwaka tu ikatulia. Kwa hiyo mzee akikwambia kwamba indiketa isiyopepesa maana yake ni balbu iliyoungua, hajakosea. Anazungumzia gari la enzi zake.

Na enzi hizo si za mbali. Buick ya Marekani ilianza kutoa magari yenye indiketa za kupepesa mwaka 1939. Hata miaka ya 1950 Morris Minor zilikuwa na kimkono cha rangi ya chungwa kilichochomoza kwenye nguzo ya mlango kuonyesha upande unaokwenda. Leo tumefika pengine kabisa: kwenye magari mengi mapya hakuna flasha ya kuchomoa, kompyuta ya gari ndiyo inayopepesa taa, na ule mlio wa tik-tak unatoka kwenye spika. Unaigizwa, kwa sababu bila huo dereva anahisi kitu kimeharibika.

## Kipimo cha kwanza hakina gharama

Washa hazadi, zile taa za dharura zinazowaka pamoja. Kwenye magari mengi zinawaka hata funguo ukiwa mfukoni. Shuka, zunguka gari polepole. Tazama mbele, ubavuni, nyuma, kila upande. Usitegemee mshale wa kwenye dashibodi, maana mshale unaweza kupepesa vizuri huku nje kuna giza.

Umeiona iliyozimika? Sasa fanya kipimo ninachokipenda kuliko vyote, cha kubadilishana.

Tuseme ni ya nyuma kulia. Fungua buti, vuta zulia au kifuniko kidogo cha plastiki kilicho nyuma ya taa. Utaona holda, yaani kishikio cha balbu, imekaa kama mfuniko wa chupa. Izungushe kama robo mzunguko kinyume cha saa, itatoka na balbu yake. Balbu nyingine huchomolewa kwa kuvutwa tu. Ile yenye kitako cha chuma ibonyeze kidogo ndani, izungushe, iachie, itachomoka. Ishike kwa kitambaa kama ilikuwa inawaka. Balbu ya wati 21 inachoma vidole.

Itazame kwenye mwanga. Kioo kikiwa na rangi ya moshi au ule uzi mwembamba wa ndani ukiwa umekatika, umemaliza kazi. Lakini mara nyingine uzi umekatika na ncha zake bado zinagusana, na macho hayaoni kitu. Hapo ndipo tunabadilishana. Balbu ya kulia ipeleke kushoto, ya kushoto ilete kulia, washa tena.

Ugonjwa ukihama na balbu, balbu ndiyo mgonjwa. Ugonjwa ukibaki palepale, balbu haina kosa. Tafuta kwenye holda, kwenye waya au kwenye ethi. Umetumia dakika kumi, hujanunua kitu, na umekwisha kukata nusu ya mashaka yako.

Kwa ufupi: indiketa ya upande mmoja inayokimbia ni habari ya upande huohuo. Usiguse flasha, usiguse usukani. Anza na balbu, maliza na ethi.

## Ethi na chumvi ya Tanga

Niliwahi kukaa Tanga na gari dogo la mtumba, nyumba iko karibu na bahari kiasi kwamba usiku tunasikia mawimbi. Mwaka wa pili taa zikaanza vituko. Nikiweka indiketa ya kulia, taa ndogo za nyuma nazo zinapepesa hafifu. Nikikanyaga breki huku nimeweka indiketa, indiketa inazima. Nikiachia breki, inarudi. Jirani akasema gari limerogwa na aliyeliuza.

Fundi wa kwanza akabadilisha flasha. Wa pili akabadilisha kimkono chote cha indiketa, kazi ya kufungua usukani, na nikalipa kama mtu aliyenunua usukani. Wa tatu akataka kutandika upya waya zote za nyuma. Nikamwomba anipe siku mbili nitafute pesa.

Katika siku hizo mbili nilimwendea mzee mmoja fundi wa redio nikitaka anichomelee waya wa spika. Aliposikia nalalamika, akachukua kipande cha waya, ncha moja akaibana kwenye chuma kisicho na rangi ndani ya buti, ncha nyingine akaigusisha kwenye kitako cha holda. "Haya, washa mwanangu." Indiketa ikapiga kama siku ya kwanza. Breki ikawaka peke yake. Taa ndogo zikatulia.

Akafunua zulia pembeni kabisa na kunionyesha bolti moja. Kilemba cha waya, kile kipete kinachobanwa na bolti, kilikuwa kimeota unga wa kijani kama ukungu wa mkate. Shaba ikikutana na hewa ya chumvi huota kutu ya rangi hiyo, na kutu haipitishi umeme vizuri. Akafungua bolti, akakwangua kwa msasa pande zote mbili mpaka chuma kikang'aa, akafunga, akapaka mafuta ya mgando juu ili hewa isiingie tena. Nikamlipa ya kahawa. Alikataa zaidi.

Kwa nini vituko vile? Fikiria mtaro wa mvua umeziba. Maji hayarudi yalikotoka. Yanapita uani kwa jirani. Umeme wa indiketa ukifika kwenye balbu na kukuta njia ya kurudi imeziba, unatafuta upenyo kupitia balbu ya breki au taa ndogo zilizo kwenye holda ileile, kwa kuwa zote zinatumia ethi moja. Ukikanyaga breki, huo upenyo nao unajaa umeme kutoka upande wa pili, na indiketa inakosa pa kutokea.

Shika kanuni hii: taa moja ikiingilia kazi ya nyingine, shuku ethi kabla ya kitu kingine chochote. Pwani, kuanzia Mtwara hadi Mombasa na visiwani, mimi huishuku hata kabla ya balbu. Magari yaliyowahi kupita kwenye maji ya mafuriko nayo ni hivyohivyo, pamoja na yale ambayo mpira wa taa ya nyuma umechakaa na kila yakioshwa kwa mashine maji yanaingia ndani. Ukiona kioo cha taa kina matone kwa ndani, kutu iko njiani.

Wenye multimita, kile kipimo kidogo cha umeme, wana njia ya uhakika. Kiweke kwenye volti. Washa taa. Ncha moja ishike kwenye ethi ya holda, nyingine kwenye hasi ya betri. Ethi nzima itasoma karibu na sifuri. Kikisoma volti 2, 3 au zaidi, hizo ni volti zinazopotea kwenye kutu badala ya kuwasha taa. Kipime taa ikiwa inawaka. Waya ulioliwa na kutu unaweza kuonyesha volti 12 kamili ukiwa haujabebeshwa mzigo, kama bomba lililoziba linavyotoa tone lenye nguvu lakini halijazi ndoo. Kwa sababu hiyo mafundi wengi wazoefu bado wanatembea na balbu yenye nyaya mbili. Balbu haidanganyi, ama inawaka vizuri ama haiwaki.

## Sikiliza dalili kabla ya kufungua kitu

Orodha hii ibandike ndani ya boneti ukitaka:

- Upande mmoja unakimbia: balbu, holda au ethi ya upande huo. Au mtu ameweka balbu ya wati pungufu.
- Indiketa zote hazifanyi kazi lakini hazadi inapiga: flasha na balbu ni nzima, maana kwenye magari mengi hazadi inazitumia hizohizo. Tazama fyuzi ya indiketa, kisha swichi ya hazadi, kisha kimkono.
- Indiketa na hazadi zote kimya: fyuzi, halafu flasha.
- Pande zote zinawaka bila kupepesa: flasha, au betri iliyochoka.
- Upande mmoja umekufa kabisa, mbele na nyuma, hata hazadi ikiwashwa: waya wa upande huo umekatika. Hazadi ikiwasha upande huo, kosa liko kwenye kimkono.
- Inafanya kazi ukigonga taa kwa kiganja: holda imelegea au ina kutu.

Swichi ya hazadi inahitaji maelezo. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme wa indiketa hupita ndani ya swichi hiyo hata kama hazadi haijawashwa. Watu wengi hawaigusi kwa miezi, na vigusishi vyake vya ndani vinaota utando. Ibonyeze washa-zima mara ishirini. Nimeona indiketa zikifufuka kwa dawa hiyo, na mwenye gari akadhani namfanyia mzaha.

## Balbu zinazofanana lakini si ndugu

Dukani balbu zote za wati 21 zinaonekana sawa. Ziko aina tatu za kitako cha chuma zinazochanganywa sana, na tofauti iko kwenye vichuchumio viwili, vile vijino vya pembeni. Balbu nyeupe ya uzi mmoja ina vichuchumio vinavyotazamana. Ya rangi ya chungwa ina vichuchumio ambavyo havitazamani sawasawa, vimekaa upande, makusudi kabisa, ili nyeupe isiingie mahali pa chungwa. Ya nyuzi mbili, ya breki na taa ndogo kwa pamoja, kichuchumio kimoja kiko juu kuliko kingine.

Sasa ukimwona mtu anapiga tupa kichuchumio ili balbu iingie, mkimbie. Balbu ya uzi mmoja ikilazimishwa kwenye holda ya nyuzi mbili inaunganisha njia mbili zisizopaswa kukutana, na hapo ndipo taa za kuegesha zinapowaka ukikanyaga breki. Nyeupe ikiingizwa mahali pa chungwa, indiketa itapepesa nyeupe, na usiku anayekuja mbele hajui kama unageuka au unamwashia.

Ile rangi ya chungwa kwenye balbu za bei rahisi ni rangi iliyopakwa juu ya kioo. Joto linaibandua. Baada ya miezi kadhaa unabaki na madoadoa. Balbu inafanya kazi, lakini ibadilishe.

## Ukiweka LED

LED ni taa za kisasa zisizo na uzi, zinazotoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo. Rudi kwenye hesabu yetu. Badala ya wati 21, balbu ya LED inakula wati chache tu. Flasha inahesabu ndoo, inaona pungufu, inakimbia. Hakuna kilichoharibika, mlinzi amezoea watu watatu, leo wamekuja wembamba hata hawaoni.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni flasha maalumu ya LED, ambayo haijali ulaji. Ya pili ni rezista, kijiwe kinachofungwa sambamba na balbu ili kile umeme uliopungua. Ile inayouzwa sana ni ya omu 6; kwenye volti 12 inakula ampia 2, yaani wati 24, na wati zote hizo zinageuka joto. Nimeona rezista iliyobandikwa kwenye plastiki ya taa ikaacha tundu. Ikiwa ni lazima, ifunge kwenye chuma cha bodi. Mimi ningenunua flasha. Na ukiniuliza zaidi, ningebaki na balbu ya kawaida, kwa maana nikipata hitilafu Singida saa mbili usiku, nitaipata kwenye duka lolote la vipuri.

## Fyuzi inayoungua kila siku

Fyuzi ikiungua mara moja, weka nyingine ya ampia zilezile. Rangi zinakusaidia: kahawia ni 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20. Ikiungua tena, acha. Kuna waya unapiga shoti, yaani umechubuka na unagusa chuma kabla ya kufika kwenye taa. Kuweka ya ampia 20 mahali pa 10, au kuizungushia karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ni kumwambia waya aungue yeye badala ya fyuzi.

Anza kutafuta mahali ambapo watu wamepita kabla yako. Kwetu mhalifu mkubwa ni alamu ya wizi. Alamu hupepesa indiketa unapofunga milango, kwa hiyo aliyeifunga alikata au kuchuna waya za indiketa chini ya dashibodi na kuunganisha za kwake, mara nyingi kwa kuzisokota na kuzungushia tepu. Joto la miaka miwili linaifanya gundi ya tepu iwe kama asali, tepu inateleza, waya mbili zinakutana. Gari lenye indiketa zinazojiwasha zenyewe likiegeshwa, muulize mwenye gari kwanza habari za alamu. Vifaa vya kufuatilia gari, redio mpya na soketi ya tela navyo ni vya kuchunguzwa. Baada ya hapo, tazama pale waya zinapojikunja kila ukifungua mlango wa nyuma.

## Kimkono kisichorudi

Kuna hitilafu isiyo ya umeme hata kidogo: unakata kona, usukani unanyooka, indiketa inaendelea kupiga hadi kesho. Ndani mna kijino cha plastiki kinachokirudisha kimkono. Kikivunjika, hakuna namna ila kubadilisha sehemu hiyo.

Hapa nakuomba usijifanye fundi. Kwenye usukani wa magari mengi kuna mfuko wa hewa unaofutuka kwa mlipuko gari likigonga, na waya zake, zenye soketi ya njano, zinapita papo hapo. Fundi anayejua huchomoa betri na kusubiri kwanza. Anayeanza kuvuta mara moja, mwambie asimame.

Kimkono kina kichekesho chake pia. Magari ya Kijapani tuliyozoea yana indiketa mkono wa kulia wa usukani, ya Ulaya mengi yana mkono wa kushoto. Aliyezoea ya Kijapani akiazimwa ya Kijerumani, kila akitaka kugeuka anafagia kioo kikavu kwa waipa. Hiyo nayo watu wamewahi kuniletea kama hitilafu.

## Usiku, kati ya Chalinze na Segera

Kwenye barabara zetu kuu indiketa ina lugha ya pili ambayo haimo kwenye kitabu cha udereva. Dereva wa lori aliye mbele yako akiwasha ya kulia na hageuki, anakwambia usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakwambia njia nyeupe, pita. Mimi siruhusu taa ya mtu mwingine inipitishe, natazama mwenyewe. Lakini wengi wanaitegemea, na lori lenye taa ya kulia iliyokufa nyuma linanyamaza pale hasa linapotaka kusema "usipite". Dereva ndani haoni. Anasikia tik-tik zinakimbia, anaongeza sauti ya redio.

Ikikufia njiani na huna balbu, tumia mkono, kama walivyofunzwa madereva wa zamani. Kwenda kulia, nyoosha mkono wa kulia nje ya dirisha, mlalo. Kwenda kushoto, uzungushe mkono huohuo kinyume cha saa. Mchana inatosha kukufikisha kwenye mji unaofuata. Usiku haitoshi, kwa hiyo nunua balbu mbili leo, moja ya chungwa na moja ya nyuzi mbili, zifunge kwenye soksi kuukuu, ziweke kwenye droo ya dashibodi. Kisha toka nje, washa hazadi, ulizunguke gari lako.